Mji wa Njiani, Lugha ya Mlimani

Mwezi Aprili 1871 msafara wa Henry Morton Stanley, uliotoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone, ulipita Mikese na kuteremkia bonde la mto Ngerengere. Chini ya milima ya Uluguru waliuona mji uliozungushiwa ukuta wa mawe, wenye minara kwenye pembe zake nne na malango ya mbao yaliyotiwa nakshi kwa mtindo wa pwani. Stanley aliwakadiria wakazi wake kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Mji uliitwa Simbamwene, na mtawala wake alikuwa mwanamke aliyeitwa jina hilohilo.

Mama huyo hakuwa wa kuchezewa. Msafara ulipokwisha kupita, mpishi wa Stanley alitoroka, na askari waliorudishwa kumtafuta wakakamatwa kwa amri ya malkia na kutiwa ndani. Ilibidi mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa akisafiri njia ileile aingilie kati ndipo wakaachiwa. Maulizo, vitisho, maombezi na msamaha vilipita kwenye vinywa vya watu wa makabila mengi, na kwenye njia ile watu wa makabila mengi walikuwa na lugha moja ya kukutania: Kiswahili.

Nimeifuata tena njia hiyo, kutoka Mikese hadi mjini na kutoka mjini hadi mlimani, nikiwa na swali ambalo wasafiri wa zamani hawakulijali. Morogoro imelala miguuni mwa milima ya Waluguru. Inakunywa maji ya milima hiyo na kula ndizi, mboga na matunda yake. Kwa nini basi haijawahi kukipa Kiluguru kiti cha mbele?

Kutoka Mikese hadi Ngerengere

Njia yenyewe haikupotea. Ukitoka Mikese kuelekea magharibi, barabara ya lami, reli ya Wajerumani na reli ya kisasa ya SGR zote zinafuata mkondo mmoja, kwa sababu ardhi imeamua hivyo. Kusini umesimama ukuta wa Uluguru, wenye vilele vinavyopita mita 2,000. Kaskazini kuna vilima vya upande wa Nguru ya Ndege. Katikati limebaki bonde la Ngerengere. Anayetoka pwani kwenda bara atapita hapo, au aizunguke milima kwa kusini kupitia nchi ya Wakutu, kama Richard Burton na John Speke walivyofanya mwaka 1857 walipopita Zungomero.

Wapagazi walikuwa na sababu mbili za kusimama chini ya Uluguru. Ya kwanza ni maji, ambayo hushuka kutoka mlimani hata wakati wa kiangazi. Ya pili ni hofu ya safari iliyobaki. Mbele kulikuwa na tambarare ya Mkata, ambayo masika huigeuza kuwa tope la kuzamisha punda, kama msafara wa Stanley ulivyojionea. Msafara wenye busara ulipumzika hapa, ukanunua nafaka, ukaziba mapengo ya wapagazi waliougua au kutoroka, ndipo ukaikabili Mkata. Mahitaji hayo ndiyo yaliyouzaa mji.

Tuwatazame waliolala kwenye kambi hizo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walinzi walikuwa watu wa Unguja na mrima, wengi wao wakiwa wamewahi kuonja utumwa. Mali ilikuwa ya Waarabu, na mkopo ulitoka kwa Wahindi wa pwani. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza askari wa Stanley, alizaliwa Myao, akauzwa akiwa mtoto, akaishi India kwa miaka mingi kisha akarudi upande huu wa bahari. Katika safari ya 1857 alizungumza na Burton na Speke kwa Kihindustani, halafu akayageuza maneno yao kuwa Kiswahili kwa ajili ya wapagazi. Kwa mtu kama Bombay, Kiswahili kilikuwa chombo cha safari, sawa na kamba na mtungi wa maji. Kilifika Morogoro kikiwa begani mwa watu kama yeye, muda mrefu kabla ya serikali yoyote kukitungia sera.

Boma la Kisabengo

Aliyeujenga mji ule hakuwa Mluguru. Kisabengo alikuwa Mzigua aliyekuja na wafuasi wake katikati ya karne ya 19 na kujijengea boma chini ya mlima, mahali ambapo angeweza kuitazama njia na kuitoza ushuru. Burton, aliyesikia habari zake, alimweleza kama mteka watumwa. Huenda alikuwa hivyo kweli, lakini kundi lililomzunguka lilikuwa na watoro wengi pia, watu waliokimbia mabwana zao na kutafuta ukuta wa kujificha nyuma yake. Alipofariki, utawala ulishikwa na bintiye Simbamwene, yule aliyewafunga askari wa Stanley.

Tunapenda kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Morogoro inaitia methali hiyo kwenye mtihani mgumu, maana mji huu ulijengwa kwa sehemu na watu walioacha asili ili wasiwe watumwa. Aliyetoroka hakuwa na faida ya kutangaza kabila lake kila alipofungua kinywa. Kiswahili kilimpa pa kujisitiri: kilimfanya awe mtu wa mji, asiyeulizwa sana ametoka wapi. Anayekilaumu Kiswahili kwa kumeza lugha nyingine akumbuke kwanza kwamba kiliwahifadhi watu ambao lugha zao zingewafichua.

Kizigua cha mwanzilishi nacho hakikuutawala mji. Hata hivyo, Wazigua wengine waliochukuliwa kwa majahazi hadi Somalia katika karne hiyohiyo waliitunza lugha yao katika bonde la Juba kwa vizazi kadhaa, hadi vita vya mwishoni mwa karne ya 20 vilipowarudisha baadhi yao Tanzania kama wakimbizi, wakaja Handeni na kusikilizana na wenyeji. Kule walikuwa wageni wanaobaguliwa, lugha ikawa kamba iliyowafunga pamoja. Hapa mkuu wao alikuwa na boma, na soko likaamua mengine. Kumbe kushika mamlaka si lazima kuilinde lugha, na kuwa mnyonge si lazima kuiue.

Ukuta wa Simbamwene haukudumu. Mwaka 1872 mafuriko ya Ngerengere yaliubomoa kwa sehemu kubwa, na Stanley aliporudi kutoka Ujiji alikuta uharibifu. Leo jina hilo limebaki katika kumbukumbu za mji. Atakayetafuta minara ile minne atakuta mashamba na nyumba za watu.

Waliokuwa juu

Wakati boma likijengwa bondeni, Waluguru walikuwa juu. Jina lao ni la watu wa mlimani, lakini hawakutoka tumbo moja. Koo mbalimbali zilipanda kwa nyakati mbalimbali kutoka pande kadhaa, zikakata msitu, na kila ukoo ukashika ardhi yake. Ukoo kwao hufuatwa kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita humo. Hawakuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na wakuu wa koo, na juu ya baadhi yao watu wenye heshima ya pekee kama Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa mvua. Upande wa kusini-mashariki, kwenye pango la Kolelo, walikwenda waganga na wakulima hata kutoka Uzaramo kuomba mvua na rutuba, na jina la Kolelo lilitajwa tena mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipowaka.

Kwa hiyo Kiluguru kilikuwa na himaya yake: lugha ya ardhi, ya mvua, ya jando na unyago, ya mirathi. Kilikosa jambo moja tu, nalo ni mji. Aliyetaka chumvi, nguo au jembe la chuma alishuka bondeni, na alipofika bondeni alisema lugha ya bondeni. Kisha akapanda tena na mzigo wake.

Kushuka huko hakukuwa kugumu kwa ulimi. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Sabaki, wameonyesha kwamba Kiswahili na lugha za bonde la Ruvu, zikiwemo Kiluguru, Kikami, Kikutu, Kikwere na Kizaramo, ni matawi ya jamii moja ya lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini-mashariki. Mluguru anayejifunza Kiswahili hajifunzi lugha ya kigeni kama Mjaluo au Mmasai. Anahamia nyumba ya binamu, anakuta vyombo vingi anavijua. Undugu huo ndio uliomrahisishia kuingia mjini, na huohuo ndio unaomfanya mwanawe asione sababu ya kurudi.

Msalaba, reli na mkonge

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Bagamoyo tangu 1868, walifuata njia ya misafara hatua kwa hatua. Walifungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, wakaja Morogoro katika miaka ya 1880, kisha wakapanda hadi Matombo na Mgeta. Waliwakuta watu wenye lugha yao, lakini kazi yao ilikuwa imeanza pwani kati ya watumwa waliokombolewa, waliotoka kila upande na waliohitaji lugha moja. Padri Charles Sacleux wa shirika hilo alitumia miaka mingi kukusanya maneno ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Kiluguru hakikupata Sacleux wake.

Wajerumani waliongeza uzito wao. Walitawala kupitia maakida waliojua Kiswahili, na shule za serikali zilifundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1905 walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Mwishoni mwa 1907 treni ilifika Morogoro. Kituo kilileta makarani, mafundi, Wahindi wenye maduka na Wagiriki wenye mashamba. Mashamba ya mkonge ya Tungi, Pangawe na Kingolwira yakawavuta vibarua kutoka mbali, na kwenye kambi za mkonge lugha ya nyapara ilikuwa ileile ya msafara wa zamani. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliingia mjini, huku Paul von Lettow-Vorbeck akiwa amekwisha kuondoa watu wake kupitia milimani kuelekea Kisaki. Bendera ilibadilika, lugha ya ofisi za chini haikubadilika. Mwaka 1930 Waingereza waliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa nchi zao za Afrika Mashariki, na kitabu cha shule kilichopandishwa Mgeta kikawa kilekile kilichosomwa Tanga.

Mlima ulijibu kwa njia yake. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake. Udongo wa juu ulifukiwa na mazao yakapungua. Watu waliona pia kwamba anayechimba ngazi kwenye ardhi ya ukoo anaweza kesho kunyang'anywa ardhi hiyo. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Upinzani ule ulitoka katika koo, na koo ziliishi katika Kiluguru. Ila waliotaka kuunganisha malalamiko ya Uluguru na ya Usambara au ya Meru walihitaji lugha nyingine. TANU, ambayo Mluguru Patrick Kunambi alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1954, iliipata lugha hiyo tayari. Waluguru waliingia katika taifa kwa Kiswahili, na waliingia wakiwa na sauti.

Mji unaoimba

Kama kuna jambo lililoipa Morogoro sauti yake yenyewe katika Kiswahili, ni muziki. Salum Abdallah aliunda Cuban Marimba mwaka 1948, akachukua midundo ya rekodi za Cuba na kuitia maneno ya Kiswahili. Baada ya kifo chake mwaka 1965, Juma Kilaza akaishika bendi. Upande wa pili wa mji kulikuwa na Morogoro Jazz, na humo katikati ya miaka ya 1960 akaibuka Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka alianzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34.

Wazee waliokuwa vijana wakati huo bado hubishana ipi ilikuwa bendi bora. Wachache hujiuliza kwa nini bendi mbili kubwa za mji ulio chini ya Uluguru zilijenga jina lao kwa Kiswahili. Jibu liko kwenye redio. Wimbo wa Kiswahili ulirekodiwa, ukarushwa, ukapigwa Nairobi, Mwanza na Bujumbura. Wimbo wa Kiluguru ungeishia kwenye ngoma ya mavuno. Morogoro, ambayo wenyewe huiita mji kasoro bahari, ilijipatia bahari kwa njia ya mawimbi ya redio, na nauli ya safari hiyo ilikuwa Kiswahili.

Baada ya Uhuru mji ulipokea wageni zaidi. Mazimbu ilijengwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo vilileta wafanyakazi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984, Mzumbe nayo ikakua. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi wa mji kama 25,000. Ya 2012 ilipata zaidi ya 315,000 katika manispaa, na ya 2022 zaidi ya 470,000. Sensa hiyo ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo taifa limechagua kutohesabu, kwa sababu nzuri ya kujenga umoja, na kwa hiyo lugha inaweza kupungua bila jedwali lolote la serikali kuonyesha.

Penang na Singapore

Morogoro haiko peke yake. Mji wa George Town, katika kisiwa cha Penang nchini Malaysia, ulianzishwa na Waingereza mwaka 1786 kama bandari. Wafanyabiashara na vibarua kutoka kusini mwa jimbo la Fujian, China, walihamia hapo na lugha yao, Kihokkien. Kikawa lugha ya soko, na Wachina waliotoka majimbo mengine wakajifunza ili waweze kununua na kuuza. Ilikuwa hivyo pia Singapore, ambako kwa vizazi vingi Kihokkien ndicho kilichowaunganisha Wachina wa asili mbalimbali. Hapo Kihokkien kilifanya kazi ya Kiswahili cha misafara.

Mwaka 1979 Waziri Mkuu wa Singapore, Lee Kuan Yew, alizindua kampeni ya kuwataka Wachina wote waseme Kimandarini. Vipindi vya Kihokkien viliondolewa kwenye redio na televisheni hatua kwa hatua. Kampeni ilifaulu, na bei yake ililipwa majumbani: wajukuu wengi walikua bila kuweza kuzungumza vizuri na bibi na babu zao. Lugha ileile iliyokuwa imemeza nyingine mjini ikajikuta yenyewe ni lugha ya jikoni. Kihokkien kimekwisha kuonja pande zote mbili za meza, na mambo yaliyokipata yanatufundisha kwamba ukubwa wa lugha mjini si cheo cha kudumu. Hukaa mradi kuna mtoto anayejibiwa kwa lugha hiyo.

Tofauti yetu ni kwamba hapa hakuna aliyezindua kampeni dhidi ya Kiluguru. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawataka wananchi waendelee kutumia lugha zao za asili na kujivunia, na inahimiza utafiti, kamusi na machapisho. Kanuni za utangazaji nazo zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo lugha ya Waluguru inasifiwa kwenye karatasi moja na kufungiwa mlango kwenye nyingine. Mtu wa Kinole anaweza kusikia redio kutoka Morogoro mchana kutwa bila kusikia sentensi moja ya mama yake.

Kupanda

Kutoka mjini njia za mlimani ni nyingi. Moja hupita kijiji cha Ruvuma kwenda Morningside, ambako bado lipo jengo la enzi za Wajerumani, na kuendelea kuelekea kilele cha Bondwa. Nyingine hutokea Bigwa kwenda Mkuyuni, Kinole na Matombo. Ya tatu hupita Mzumbe na kupanda hadi Mgeta, kwenye soko la Nyandira lenye kabichi, karoti na njegere za kwenda Dar es Salaam. Kwenye zote utakutana na akina mama wanaoshuka alfajiri na mikungu ya ndizi au vikapu vya matunda kichwani, wakienda Soko Kuu lenye jina la Chifu Kingalu.

Ukiwasikiliza wakiteremka utasikia mpaka wa lugha ukisogea. Juu kabisa wanaongea Kiluguru. Karibu na nyumba za kwanza za mabati na bodaboda za kwanza, Kiswahili kinaingia katikati ya sentensi. Wakifika sokoni kimebaki Kiswahili, isipokuwa pale wanaponong'onezana bei wasiyotaka mteja aisikie. Zamani mpaka huo ulikuwa chini, kwenye kingo za mji. Sasa umepanda pamoja na barabara na shule. Kwenye nyumba nyingi za mlimani wazee huzungumza kilugha, watoto huelewa, kisha hujibu kwa Kiswahili. Mazungumzo yanaendelea bila ugomvi, na kwa sababu hakuna ugomvi, hakuna anayeona kitu kinachotoweka.

Msitu ulio juu ya vijiji hivyo una walinzi wake. Mwaka 2008 ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Kuna ndege huko, Malaconotus alius kwa jina la kitaalamu, asiyepatikana popote pengine duniani. Wataalamu humtafuta kwa darubini na kuandika kila anaposikika. Lugha inayotaja miti ambayo ndege huyo hutua, mimea inayotibu, aina za udongo na majira ya mvua ya kila bonde haina hifadhi wala mlinzi. Imepata wasomi wachache wenye moyo. Daniel Mkude, aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1974 mjini London juu ya sintaksia ya Kiluguru, akichunguza sentensi ambamo kiima na yambwa hubadilishana nafasi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa chuo hichohicho ulitoa atlasi mwaka 2009. Mwanaisimu kutoka Sweden, Malin Petzell, ameandika juu ya majirani wa Kiluguru, Kikagulu na Kikami, na Kikami kimekwisha kubaki kwa wasemaji wachache mno. Kikami ni ndugu wa karibu wa Kiluguru, tena kilikaa tambarare, mlangoni mwa mji na kando ya barabara. Kiluguru kilikuwa na bahati ya mlima.

Bahati hiyo inaisha. Tangu Juni 2024 treni ya SGR huwafikisha abiria Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili, na mji utaendelea kupanuka hadi miteremkoni. Si jambo la kulilia. Mji huu ulizaliwa na njia, na kila njia mpya inaukuza. Kiswahili nacho hakina kesi ya kujibu. Kiliwapa makazi watoro wa Kisabengo, jukwaa Waluguru waliokataa ngazi, na jina Mbaraka Mwinshehe. Kosa ni kudhani kwamba mtoto wa Morogoro lazima achague kimoja.

Mambo yanayowezekana si makubwa. Jimbo Katoliki na misikiti ya zamani waruhusu wanafunzi kupekua kumbukumbu zao. Vyuo vikuu vilivyopo hapa, ambavyo vinajua udongo wa Uluguru kuliko mtu yeyote, vikusanye pia majina ya udongo huo kabla wazee hawajaondoka. Manispaa iweke kibao mahali lilipokuwa boma la Simbamwene, kiandikwe Kiswahili, Kiluguru na Kizigua. Wanaotunga kanuni za utangazaji waruhusu hata saa moja kwa wiki. Nawe msomaji ambaye bibi yako yuko Kinole, Matombo au Mgeta, simu uliyonayo mfukoni inarekodi sauti. Likizo ijayo panda, mwombe akusimulie ukoo wenu ulivyofika mlimani, na usimwambie aseme Kiswahili.